Viviringo vya nywele: urembo uliokua katika uhaba wa vita

Mwezi Desemba mwaka 1941, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ambayo haikuwa imewahi kuonekana nchini humo. Kwa mara ya kwanza, wanawake wasioolewa na wajane wasio na watoto, wenye umri wa kati ya miaka 20 na 30, walitakiwa na dola kuingia katika utumishi wa vita.

Wengine waliitwa kwenye vikosi saidizi vya jeshi, wengine kwenye ulinzi wa raia, na wengine viwandani. Walioingia jeshini walipewa sare, viatu vizito na vyeo. Walipewa pia amri moja iliyohusu vichwa vyao: nywele zisiguse ukosi.

Amri hiyo, iliyochukua mstari mmoja tu katika kanuni za mavazi, ilisaidia kueneza mtindo wa nywele ambao hadi leo ndio alama ya miaka ya 1940. Ni ule mtindo wa nywele zilizoviringwa juu ya paji la uso, au pembeni mwa kichwa, au kuzunguka kisogo, zikashikwa kwa pini zisizoonekana.

Anayezitazama picha za zamani hudhani kwamba wanawake wale walikuwa na nywele ndefu na wasusi wa kuwahudumia. Mara nyingi haikuwa hivyo. Nywele zilikuwa fupi, msusi alikuwa ni mwenye nywele mwenyewe, na saluni ilikuwa chumba chake cha kulala.

Nyuma ya historia ya mtindo huo kuna swali zito kuliko urembo: ni nani mwenye mamlaka juu ya kichwa cha mwanamke? Ni dola, ni mwajiri, ni desturi, au ni yeye mwenyewe anaposimama mbele ya kioo?

Mkasi ulitangulia vita

Nywele za wanawake wa Ulaya na Marekani zilikuwa zimekwisha kukatwa kabla ya mwaka 1939. Katika miaka ya 1910, mcheza dansi wa Marekani, Irene Castle, alikata nywele zake zikawa fupi, na wengi wakamwiga. Kufikia miaka ya 1920, mkato wa bobu, unaoishia usawa wa taya, ulikuwa umeenea kutoka Paris hadi New York.

Wazee wengi waliuchukia. Kwa karne nyingi nywele ndefu zilihesabiwa kuwa taji la mwanamke, na msichana aliyeingia utu uzima alizifunga juu ya kichwa kama ishara ya kuuaga utoto. Kwa macho ya wazee hao, binti aliyekata nywele alikuwa amekata na utii.

Hata hivyo, nywele fupi zilileta mahitaji yake. Nywele ndefu zinaweza kufungwa na kusahauliwa, lakini nywele fupi zilizonyooka huanguka usoni na kukosa umbo. Mawimbi na misokoto ndiyo iliyokuwa jawabu.

Ufundi wa kutia mawimbi ulikuwapo. Tangu mwaka 1872, Mfaransa Marcel Grateau alikuwa amekwisha kuonyesha namna ya kukunja nywele kwa koleo la chuma lililopashwa moto. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Karl Nessler, aliyekuwa akifanya kazi London, alibuni njia ya kuweka mawimbi ya kudumu kwa kutumia dawa na joto la umeme.

Njia ya Nessler haikuwa ya watu wenye haraka. Mteja alikaa kwa saa kadhaa, nywele zake zikiwa zimezungushiwa vyuma vizito vilivyoning'inizwa kutoka juu. Majaribio ya mwanzo, ambayo Nessler aliyafanya kwa mkewe, Katharina, yaliunguza nywele na ngozi ya kichwa.

Katika miaka ya 1930 mashine hizo ziliboreshwa na kuenea katika saluni za miji mikubwa. Lakini gharama ilibaki juu kwa karani, mtumishi wa nyumbani au mfanyakazi wa kiwandani. Hao walibaki na njia rahisi zaidi: maji, kitana, pini na usiku kucha wa kungoja.

Ukosi na mashine

Vita vilipoanza, njia hiyo ya wasio na fedha ikawa njia ya karibu wote.

Kikosi saidizi cha wanawake katika jeshi la nchi kavu la Uingereza, ATS, kilikuwa kimeundwa mwaka 1938. Mwaka 1939 vilifuata kikosi cha wanawake katika jeshi la anga, WAAF, na kile cha jeshi la majini, WRNS, ambacho kilifufuliwa upya baada ya kuvunjwa mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika vikosi hivyo, nywele zilitakiwa ziwe juu ya ukosi na zikubaliane na kofia.

Mwanamke aliyeingia kikosini alikuwa na njia mbili. Angeweza kuzikata nywele zake zikawa fupi kabisa, au angeweza kuziviringa. Wengi walichagua yote mawili kwa pamoja: walikata kiasi, kisha wakaviringa zilizobaki.

Njia moja iliyopendwa ilitumia soksi ndefu iliyochakaa. Soksi hiyo ilifungwa kuzunguka kichwa kama utepe, kisha nywele zikapindwa juu yake kidogo kidogo mpaka zikaificha. Kisogo kikabaki na mviringo nadhifu usiogusa ukosi, na afisa mkaguzi akakosa la kusema.

Hata binti wa mfalme hakuwa nje ya utaratibu huo wa sare. Mwezi Februari mwaka 1945, Princess Elizabeth, ambaye baadaye alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili, alijiunga na ATS akiwa na umri wa miaka 18, akafunzwa udereva na ufundi wa magari. Picha zake za wakati ule zinamwonyesha akiwa na nywele fupi za misokoto chini ya kofia ya jeshi.

Viwandani, hatari haikuwa ukaguzi bali mashine yenyewe. Ukanda unaozunguka au keekee inayotoboa chuma haikuchagua. Unywele mmoja ukinaswa, kichwa kizima hufuata. Kwa sababu hiyo wasimamizi walisisitiza vilemba, nyavu na nywele zilizofungwa.

Nchini Marekani jambo hilo lilimfikia nyota wa sinema. Veronica Lake alikuwa maarufu kwa nywele ndefu zilizoanguka na kufunika jicho moja, na vijana wengi wa kike walimwiga, wakiwamo waliokuwa wakifanya kazi za viwanda vya silaha. Mwaka 1943, kwa kuombwa na serikali, alibadili mtindo wake na kuonekana kwenye filamu fupi akiwa amezifunga nywele, ili wanaomwiga wamwige na katika hilo.

Mwaka huo huo, msanii J. Howard Miller alichora bango la mfanyakazi wa kike aliyekunja ngumi, akiwa amejifunga kitambaa chekundu chenye madoadoa. Bango hilo lilitundikwa kwa muda mfupi tu katika viwanda vya kampuni ya Westinghouse, na halikupata umaarufu wa dunia nzima mpaka miaka ya 1980. Mwenye kulitazama kwa makini huona kwamba mbele ya kitambaa, juu ya paji la uso, kimeachwa kiviringo cha nywele.

Kitambaa kilikuwa cha kiwanda. Kile kiviringo kilichochungulia nje kilikuwa cha mwanamke mwenyewe.

Usiku wa pini

Kazi ya kuviringa haikuanza asubuhi. Ilianza jioni iliyotangulia, baada ya vyombo kuoshwa na watoto kulala.

Nywele zililoweshwa maji, kisha zikagawanywa katika mafungu madogo yenye upana wa sentimita mbili au tatu. Kila fungu lilichanwa, likazungushwa kuanzia nchani kuelekea kwenye shina mpaka likawa kama kipete, na kipete hicho kikalazwa juu ya ngozi ya kichwa na kubanwa kwa pini mbili zilizopishana. Kichwa kizima kiliweza kuwa na vipete ishirini, thelathini au zaidi.

Mwelekeo wa kipete ndio uliokuwa siri ya fundi. Vipete vya mbele vilivyozungushwa kwenda nyuma vilifanya nywele zikimbie uso. Vya pembeni vilivyozungushwa kwenda juu viliandaa kiviringo cha asubuhi. Mwanamke aliyekosea mwelekeo usiku aliamka na nywele zinazobishana naye.

Baada ya hapo kichwa kilifungwa kwa kitambaa au wavu, na mwenye nywele akalala jinsi alivyoweza. Asubuhi, nywele zikiwa zimekauka kabisa, pini zilitolewa na misokoto ikachanwa kwa brashi mpaka ikaungana kuwa wimbi moja. Fungu la mbele lilichanwa kinyume karibu na shina ili lipate ujazo, likazungushwa juu ya vidole viwili, vidole vikachomolewa taratibu, na pini ikaingizwa ndani ya tundu pasipoonekana.

Sayansi yake ni nyepesi kueleza. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na nyuzi za protini hiyo hushikana kwa vifungo ambavyo maji huvilegeza. Unywele ukikauka huku umekunjwa, vifungo hujishika upya katika umbo jipya, na umbo hilo hudumu mpaka maji yarudi tena.

Ndiyo maana mvua ya London iliweza kuharibu kazi ya usiku mzima kwa dakika chache, na ndiyo maana hewa yenye unyevu ya Mombasa au Muscat haina huruma na nywele zilizosetiwa.

Hapa ndipo linapoonekana jambo ambalo wengi hulikosea. Nywele ndefu sana ni nzito, na uzito wake huvuta kiviringo mpaka kikalegea. Nywele fupi zilizokatwa kwa ngazi, yaani fungu moja fupi kuliko lile la chini yake, ni nyepesi na hushika msokoto vizuri zaidi. Mtindo huo haukuwa wa nywele ndefu zilizofichwa, ulikuwa wa nywele fupi zilizofundishwa kusimama.

Pale nywele zilipokuwa fupi mno kuzunguka zenyewe, palikuwa na msaada wa zamani. Wanawake walikusanya nywele zilizobaki kwenye kitana, wakazitia ndani ya wavu mdogo na kupata kifurushi ambacho Waingereza walikipa jina la panya. Kifurushi hicho kilifichwa chini ya nywele hai, nazo zikaviringwa juu yake.

Kwa msomaji wa mwambao, ambako bibi wengi walifundisha kwamba nywele zilizong'oka zifichwe au zifukiwe zisije zikaangukia mikononi mwa mwenye nia mbaya, desturi ya kuziweka mezani kwenye kikopo na kuzivaa tena ni ya kushangaza. Lakini kwa kizazi cha vita, hakuna kilichotupwa.

Sukari, sabuni na chuma

Uhaba ulikuwa mwalimu mkali. Sukari iliingizwa kwenye mgao nchini Uingereza mwezi Januari mwaka 1940, na sabuni ikafuata mwezi Februari mwaka 1942, kwa kuwa mafuta yaliyohitajika kuitengeneza yalitakiwa pia kwa chakula.

Yote mawili yaligusa nywele. Sabuni ndiyo iliyoziosha. Sukari iliyoyeyushwa katika maji ya moto ilikuwa mojawapo ya dawa za nyumbani za kushikisha umbo, kwani inapokauka hugeuka gamba jembamba. Mwenye nyumba alilazimika kupima: kijiko hiki kiende kwenye chai ya familia au kichwani? Wengine walitumia bia iliyochacha, au ute wa mbegu za kitani zilizochemshwa.

Pini nazo ziliadimika. Chuma kilihitajika kwa risasi, meli na vifaru. Nchini Marekani, Bodi ya Uzalishaji wa Vita ilipunguza mwaka 1942 kiasi cha chuma kilichoruhusiwa kutengenezea pini za nywele. Pini iliyopotea ilitafutwa sakafuni kwa mshumaa, na zilizopinda zilinyooshwa.

Kulikuwa pia na mabomu. Kuanzia tarehe 7 Septemba mwaka 1940, London ilishambuliwa kwa ndege usiku baada ya usiku kwa muda wa siku 57 mfululizo. King'ora kilipolia, watu walikimbilia mahandaki na vituo vya reli ya chini ya ardhi wakiwa na walichonacho mwilini. Wanawake walishuka ngazi hizo wakiwa na pini vichwani, wamefunikwa vitambaa, na asubuhi wakazitoa na kwenda kazini.

Jina la Ushindi

Kiviringo kinachokaa juu ya kichwa, kila upande kimoja, kilikuja kujulikana kama kiviringo cha ushindi. Jina hilo linahusishwa na mchezo wa marubani wa kivita ambao, warudipo kutoka katika mapambano, walizungusha ndege zao angani kushangilia.

Serikali na magazeti ya wanawake waliipenda picha hiyo. Mwanamke aliyependeza, ilihubiriwa, aliwatia moyo wanajeshi na kuwaonyesha maadui kwamba taifa halijavunjika. Urembo ukageuzwa kuwa sehemu ya wajibu.

Hapo ndipo pana utata wa historia hii. Mwanamke aliyemaliza zamu ndefu ya kiwandani, akapanga foleni ya nyama, akalaza watoto, aliambiwa pia kwamba ni juu yake kuamka akiwa mrembo. Hakuna aliyempa saa ya ziada ya kufanya hivyo. Kazi ya nywele ilikuwa zamu nyingine isiyolipwa.

Lakini ni vigumu kuliacha jambo hilo hapo. Sare ilikuwa ya mfalme, kadi ya mgao ilikuwa ya wizara, na ratiba ilikuwa ya meneja. Dakika thelathini mbele ya kioo zilikuwa miongoni mwa vitu vichache ambavyo mwanamke alivipanga mwenyewe. Kiviringo kilitii amri ya ukosi, na papo hapo kilikwenda mbali kuliko amri ilivyodai. Kanuni ilitaka nywele zisionekane chini. Haikusema zisipendeze juu.

Chicago na Birmingham

Kwa wanawake weusi wa Marekani, hesabu ilikuwa na tarakimu ya ziada. Mtindo uliotakiwa ulikuwa umebuniwa kwa nywele zilizonyooka. Kabla ya kuviringa, wengi walipaswa kwanza kuzinyoosha nywele zao kwa chanuo la chuma lililopashwa moto, kazi iliyohitaji mkono mzoefu na mafuta yanayofaa.

Ufundi huo ulikuwa umejengwa na wanawake weusi wenyewe. Madam C. J. Walker, aliyezaliwa mwaka 1867 na wazazi waliokuwa watumwa, alianzisha biashara ya bidhaa za nywele iliyotoa ajira kwa maelfu ya mawakala wa kike kabla ya kifo chake mwaka 1919. Mawakala hao waliwahudumia wateja majumbani, sebuleni na jikoni.

Katika kampuni hiyo hiyo alifanya kazi Marjorie Stewart Joyner wa Chicago. Alipotazama vyuma vinavyotumika kuokea nyama, aliwaza kwamba nywele nazo zingeweza kuzungushwa hivyo na kupata joto zote kwa wakati mmoja. Mwaka 1928 alipewa hataza ya mashine yake ya mawimbi ya kudumu. Haki zake zilikuwa za kampuni, na Joyner mwenyewe hakutajirika kwa uvumbuzi huo.

Miaka 17 baadaye, mwezi Februari mwaka 1945, kikosi cha wanawake wa jeshi la Marekani kiliwasili Birmingham, Uingereza. Kilikuwa Kikosi cha 6888 cha Posta, chenye wanawake 855, karibu wote wakiwa weusi, chini ya Meja Charity Adams. Walikuta maghala yamejaa mamilioni ya barua na vifurushi ambavyo havijawafikia askari.

Walipewa miezi sita kuumaliza mrundikano huo. Wakifanya kazi kwa zamu tatu, usiku na mchana, waliumaliza kwa miezi mitatu.

Jeshi lao lilitenga watu kwa rangi, na kikosi hicho kililala na kula peke yake. Katika makazi yao ndani ya majengo ya shule, waliendesha jiko lao, mahali pao pa vinywaji, na saluni yao ya nywele. Saluni hiyo haikuwa anasa. Kanuni ya sare ilidai nywele nadhifu, na vyombo vya kuzitengeneza nywele za aina yao havikuwa kitu cha kukutwa katika mtaa wowote wa Birmingham. Bila saluni, askari huyo angehukumiwa kwa kushindwa kutii kanuni ambayo hakuna aliyemfikiria wakati wa kuiandika.

Marekani ilichelewa kuwashukuru. Sheria ya kuwatunuku Nishani ya Dhahabu ya Bunge ilipitishwa mwaka 2022, wakati wengi wao, akiwamo Adams aliyefariki mwaka 2002, walikuwa wamekwisha kuaga dunia.

Kutoka kwenye pini hadi kalikiti

Amani iliporudi, viviringo vilianza kushuka. Mwezi Februari mwaka 1947, Christian Dior alionyesha mavazi yake mapya mjini Paris, yenye kiuno chembamba na sketi pana, na kichwa kidogo chenye nywele laini kikawa ndicho kinachoyafaa.

Nyumbani, kemia ilichukua nafasi ya pini. Dawa za mawimbi ya kudumu zisizohitaji joto ziliingia madukani, na maarufu kuliko zote ilikuwa Toni, ambayo kampuni ya Gillette iliinunua mwaka 1948 kwa dola milioni 20. Bei hiyo inaonyesha jinsi wanawake waliokuwa wakitengeneza nywele zao wenyewe walivyokuwa soko kubwa.

Katikati ya miaka ya 1960, msusi wa London, Vidal Sassoon, aliuvunja utaratibu wote. Mikato yake ilitegemea mkasi peke yake. Nywele zilioshwa, zikatikiswa, zikakaa. Usiku wa pini ukawa jambo la mama na bibi.

Dawa ya aina ile ile iliyowekwa ndani ya pakiti za mawimbi ndiyo iliyotumika baadaye kugeuza nywele za Waafrika ziwe misokoto iliyolegea. Kizazi cha miaka ya 1980 Dar es Salaam kiliijua kwa jina la kalikiti, na mito ya vitanda iliyochafuka mafuta inaikumbuka vizuri.

Afrika Mashariki nayo haikuepuka swali la mamlaka. Mwezi Oktoba mwaka 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana, dawa za kujichubua na nywele za bandia, kuanzia Januari mwaka 1969. Waliounga mkono waliona kuwa ni kulinda heshima ya utamaduni wa taifa. Waliopinga waliuliza kwa nini utamaduni ukaguliwe zaidi kwenye mwili wa mwanamke kuliko mahali pengine.

Ikumbukwe kwamba ususi wa mwambao na bara ulikuwa na majibu yake kwa nyakati za dhiki. Mtindo wa twende kilioni, ambao nywele husukwa moja kwa moja kwenda nyuma bila nakshi nyingi, jina lake lenyewe linaeleza: msiba umeingia, hakuna muda, lakini mtu hatoki nyumbani kichwa kikiwa wazi kama shamba lisilolimwa. Mwanamke wa London aliyeficha soksi ndani ya nywele zake kabla ya zamu angelielewa jina hilo bila mkalimani.

Yanayobaki

Leo viviringo vimerudi kwa wapenzi wa mambo ya kale. Nchini Uingereza na Marekani, katika sherehe za muziki na mavazi ya miaka ya 1940, wanawake wa kila rangi huonekana navyo. Wengi huanza kwa kudhani kwamba nywele zao fupi hazitoshi, kisha hugundua kwamba ndizo zinazofaa: usawa wa taya au bega, ngazi kidogo, maji, pini, na subira ya usiku mmoja.

Saluni za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala pia zinaendelea na kanuni ile ile kila mteja anapowekwa rola na kuketi chini ya draya. Maji hulegeza, rola hukunja, hewa hukausha. Kilichobadilika ni kwamba draya imeufupisha usiku.

Swali la ukosi nalo halijafungwa. Jeshi la Marekani liliwaruhusu wanawake wake kuvaa nywele za rasta mwezi Januari mwaka 2017 tu, na mwaka 2019 jimbo la California likawa la kwanza nchini humo kupiga marufuku ubaguzi kazini na shuleni unaotokana na mitindo ya nywele ya asili ya Kiafrika. Kati ya saluni ya Birmingham na sheria hiyo imepita miaka 74.

Muda wote huo, kanuni zimeandikwa na watu walio mbali na kioo. Wanawake wamezisoma, wamezipima, kisha wakatafuta ndani yake nafasi iliyobaki. Katika miaka ya 1940, nafasi hiyo ilikuwa na upana wa vidole viwili, na waliijaza.